Ribiti Iliyobaki Kikombeni

Mama yangu aliacha sigara akiwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miezi miwili nyumba yetu haikukalika. Mikono yake ilitaka kitu cha kushika. Alijaribu kufuma soksi, akazitupa. Akajaribu kuchonga vijiko, akajikata kidole. Siku moja ya Februari, barafu ikiwa imetufungia ndani, alikuta ghalani roli la waya wa chuma ambalo baba aliliacha siku alipotuhama. Akauzungusha ule waya kwenye msumari mnene, akaukata, akapata pete, akaingiza pete ndani ya pete. Kufikia Pasaka alikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, akakipeleka kazini kusugulia masufuria. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee hapa kwetu Gotland, kisiwa cha Uswidi, na uji wa asubuhi huko huganda chini ya sufuria kama saruji. Masufuria yakang'aa. Wazee wakalalamika kwamba uji una ladha ya chuma, mama akawaambia hiyo ni dawa ya damu na wale haraka.

Jina lake ni Gunvor. Ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyeinua masufuria maisha yake yote, na hasifii kitu. Ukimletea zawadi anaigeuza kwanza aone mshono wa ndani. Kwa miaka ishirini iliyofuata alitengeneza darii kumi na moja, zile fulana za vita za pete za chuma, kila pete imeshikana na nyingine nne. Hakuuza hata moja. Alitengeneza kwa sababu alipenda, jioni, mezani jikoni, redio ikiwaka kwa sauti ya chini, na ukimuuliza faida yake nini anakujibu, "Sivuti."

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Pete ya darii ya kweli haibanwi tu kwa koleo. Ncha zake mbili zinalazwa moja juu ya nyingine, zinagongwa mpaka ziwe bapa, zinatobolewa, halafu tundu linatiwa ribiti, kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama, nayo inagongwa kichwa. Pete isiyo na ribiti kwa macho imefungwa. Ncha ya mkuki ikiigusa inafunguka kama mdomo. Ndiyo maana mama alikuwa na vikombe viwili vya kuwekea mayai ya kuchemsha. Kimoja alihesabia pete mia, kingine ribiti mia. Kazi ikiisha, vyote viwili lazima viwe vitupu. "Mimi naweza kusinzia," alikuwa akisema. "Kikombe hakisinzii."

Chama chetu cha kuigiza vita vya kale kinakutana katika ghala la Sixten, mfuga kondoo mwenye ndevu za mvi na subira ya kondoo wake. Kila Agosti tunapigana uwanjani kwa ngao na mikuki. Ncha za mikuki ni butu, lakini chuma ni chuma. Miaka mitano kabla ya siku ninayoisimulia, mtu mmoja alikuja na darii ya kununua yenye pete wazi kwapani, mahali ambapo koti la pamba la ndani halifiki. Alipona, ila mkono wake haupiti tena bega. Tangu hapo tukawekeana sheria.

Kabla ya pambano la kwanza pembe inapigwa, kisha aliyetengeneza darii mpya anasimama uwanjani mbele ya watu, anaweka mkono juu ya darii na kusema, "Hakuna pete iliyo wazi." Kosa likisemwa kabla ya pembe kupigwa, ni matengenezo tu, darii inarudi nyumbani na hakuna aibu. Likijulikana baada ya pembe, pete ile inatundikwa kwenye msumari ukutani kwa Sixten, na chini yake linaandikwa jina la fundi. Ukuta ule ulikuwa na misumari saba. Jina la mama halikuwapo.

Na kuna sheria nyingine, hii ndiyo iliyonihusu mimi. Pete ya mwisho ya darii ni ya shaba, inakaa kwapani kushoto, na anaifunga yule atakayeivaa. Akishaifunga inazungushiwa uzi mwekundu, na fundi haigusi tena. Ikikutwa wazi, mvaaji haingii uwanjani mwaka ule. Asiyeweza kufunga pete moja, mwenzake atamwaminije kwenye ukuta wa ngao?

Darii ya kumi na moja alinitengenezea mimi, mwanawe wa pekee, Tova. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimefanya mazoezi misimu mitatu kwa darii ya kuazima iliyonifika magotini kama gauni la harusi, na mwaka ule Sixten alikuwa amenipa nafasi mstari wa mbele. Nilikuwa nikiota mstari ule.

Jumatano kabla ya pambano mama aliniketisha mezani anipe pete ya shaba. Nikaiingiza, nikazilaza ncha, nikatia ribiti. Wakati huohuo maji ya viazi yakafurika sufuriani, mama akakimbilia jiko, na simu yangu ikalia. Nikageuka kutazama simu. Ribiti ikadondoka. Niliitafuta mezani, sikuiona, nikasikia mama anarudi. Nikaibana ile pete kwa koleo, nikazungusha uzi mwekundu, nikainua mkono juu kama mshindi.

"Tayari!"

Mama akapiga makofi. Mama yangu, asiyesifia kitu, alipiga makofi mara tatu.

Jioni nilipovua sweta ribiti ikaanguka kutoka kwenye mkunjo wa mkono. Nikaitia kikombeni, nikajiambia kesho nitaigonga mwenyewe kimyakimya. Kesho yake nilikuwa zamu kwenye feri, na kesho kutwa pia. Ijumaa usiku nilirudi hoi. Nilijua, na nikalala.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa tukinywa kahawa. Mama alichukua vikombe vyake avipange kwenye sanduku la vifaa. Alikigeuza cha kwanza, akakipuliza. Alikigeuza cha pili, kitu kikagonga meza. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo sana. Mama aliweka kidole juu ya ile ribiti isiviringike, akaitazama muda mrefu, nami nikawa na kipande cha mkate mkavu mdomoni nisiweze kukitafuna wala kukitema.

"Imebaki moja," alisema.

"Labda ulihesabu mia na moja."

Aliniangalia kama nimemtukana. "Tova. Miaka ishirini."

Hapo ndipo ningesema. Meza ilikuwa ileile, koleo lilikuwa pale, tulikuwa wawili tu. Ningesema, nisingepigana mwaka ule, na yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshavaa soksi za vita, unaelewa? Nilikuwa nimesuka nywele. Nikajiambia, atatafuta, ataifikia ile ya shaba, ataona haina ribiti, atadhani imeng'oka, atagonga nyingine na kucheka. Woga una akili nyingi sana, bwana.

"Kikombe hiki nilikijaza tena na tena kwa mkono wa kushoto wa darii," mama alisema, akiwa ameshalivuta lile gunia la darii. "Pete elfu mbili na mia sita. Pembe ni saa sita. Wewe endesha."

Nikaendesha. Aliketi pembeni yangu darii ikiwa mapajani, uzito wa kilo tisa, na kidole gumba chake kikitembea pete kwa pete, kikitafuta kile kichwa kidogo cha ribiti. Hakuangalia kwa macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Barabara kutoka kwetu inapita katikati ya mashamba, na kila gari lilipoyumba kidole kilisimama, kikasubiri, kikaendelea.

"Nikusaidie tukifika?" nilimuuliza. "Nishike upande wa kwapani."

"Kwapani nishapita."

"Yote?"

"Yote."

"Na ile ya shaba?"

"Ile si yangu. Umeifunga wewe." Akageuza safu nyingine. "Tazama njia."

Tulipofika uwanja ulishajaa mahema na moshi wa kondoo wa kuchoma. Mama akaketi kwenye benchi nyuma ya ghala. Wa kwanza kutuona alikuwa Bengt-Åke, fundi bomba, mwenye jina lake ukutani mara mbili na anayejivunia misumari yake kama medali.

"Gunvor! Unachambua dengu?"

"Nenda zako."

"Aa, kuna kitu hapa. Usijali, nimekuwekea msumari jirani na wangu. Tutapiga soga jioni."

"Jirani na wewe? Bora nilale na kondoo."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, na kidole hakikusimama. Bengt-Åke si mtu mbaya. Alipoona uso wa mama alivua kofia yake ya chuma, akaondoka polepole.

Saa tano kasoro Sixten alikuja, akachuchumaa mbele yake. "Niambie sasa, Gunvor. Kama kuna shaka naitoa darii kwenye orodha. Haiandikwi popote. Tova atapigana mwakani."

"Amengoja miaka mitatu," mama alisema. "Nina saa nzima bado."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Sixten, nimevaa koti langu nene la pamba, jasho likinitiririka mgongoni. Sasa unaona lilivyokuwa. Mama angeweza kujiokoa kwa neno moja, na neno hilo hakulisema kwa ajili yangu. Mimi ningeweza kumwokoa kwa neno moja, na sikulisema kwa ajili yangu vilevile.

Nilifikiria kuiba. Nilikuwa na ribiti mfukoni, nilikwishachota moja kutoka kwenye sanduku, na koleo dogo ndani ya soksi. Nilihitaji dakika mbili tu na ile darii. Nikamletea mama kahawa nikitumaini ataiweka chini anywe. Aliinywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiendelea. Nikamkumbusha kwamba hajaenda chooni tangu asubuhi. Akaondoka kwenda chooni, na darii akaitupia begani, kilo tisa zote, akaingia nayo. Nilibaki nimesimama nje ya mlango ule wa mbao nikiwa na koleo kwenye soksi, na kama si aibu ningecheka.

Saa sita kasoro dakika kumi kidole kilifika pindo la mkono. Kikasimama.

"Zote zina ribiti," mama alisema.

Alikuwa ameikunjua darii magotini, na ule uzi mwekundu ulikuwa juu, tunautazama wote wawili. Mama hakuugusa. Sheria ni sheria, na mama ni mtu wa sheria hata akiwa peke yake jikoni. Aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu ingawa hakuwa ameyatumia.

"Tova. Ile ya shaba uliitia ribiti?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Ndiyo," nilisema.

"Basi ni mimi," mama alisema. Alikitazama kidole gumba chake, akakisugua kwenye suruali. "Kimezeeka. Kimepita juu yake na hakikuisikia."

Nimesema uongo mwingine maishani, kama kila mtu. Huo ndio ninaousikia nikiwa nasubiri maji yachemke.

Pembe ikapigwa.

Watu walijipanga duara. Darii mpya zilikuwa mbili mwaka ule. Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa kaskazini mwa kisiwa, aliweka mkono juu ya kazi yake na kusema maneno yale kwa sauti ya kutetemeka, wakampigia ngao. Halafu Sixten akasema, "Gunvor."

Mama alitembea hadi katikati. Mimi nilikuwa kando yake, darii imeshavikwa mwilini mwangu, maana ndivyo inavyotakiwa, fundi anaweka mkono kifuani mwa mvaaji. Kiganja chake kilikaa juu ya moyo wangu, na nina hakika aliusikia ulivyokuwa ukidunda, na nadhani alifikiri ni hofu ya pambano, kwa sababu alinipapasa mara moja kwa kidole. Alikuwa na maneno manne tu ya kusema. Watu mia moja na zaidi walikuwa kimya. Hata Bengt-Åke.

"Kuna pete moja iliyo wazi," mama alisema. "Sijui iko wapi. Nimeitafuta, sikuiona. Nilipaswa kusema kabla ya pembe, nikachelewa. Mwanangu asiingie na hii."

Minong'ono ikapita kwenye duara. Nilimwona mwanamke mmoja akiinamia sikio la mumewe. Sixten aliinamisha kichwa. Mama aliondoa mkono wake kifuani pangu, na pale ulipotoka nikaona kuna baridi.

Mficha uchi hazai, wanasema. Nilikuwa nimeficha siku tatu, na nilichozaa kilikuwa kimesimama pale mbele yangu kwa mabega yake mapana, kinatazama nyasi.

"Ni ya shaba!" nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni pete yangu. Sikutia ribiti. Nilijua tangu Jumatano. Aliniuliza sasa hivi, nikamwambia ndiyo."

Niliinua mkono wa kushoto, nikang'oa uzi mwekundu, nikaingiza kidole kwenye pete ya shaba na kuvuta. Ikafunguka. Haikuhitaji nguvu yoyote. Niliitoa nikaishika juu watu waione. Mama tu ndiye hakuitazama pete. Alinitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo tena.

Sixten alikohoa. "Tova hapigani mwaka huu," alisema. "Hilo halina mjadala. Lakini kwa msumari... Pete ni ya mvaaji. Tuandike jina la Tova."

"Darii nani kaitengeneza?" mama aliuliza.

"Gunvor, umemsikia mwenyewe."

"Nimekuuliza, nani kaitengeneza?"

"Wewe."

"Na pembe ilishapigwa?"

"Ilishapigwa."

"Sheria inasema liandikwe jina la nani?"

Sixten alikuna ndevu. Bengt-Åke alijaribu, Mungu ambariki. "We Gunvor, acha ukaidi, mtoto amekiri mbele za watu!"

"Amekiri," mama alisema. "Mimi nilikaa saa moja nikijua kuna pete wazi, nisiseme, ili apigane. Niandike."

Wakamwandika. Msumari wa nane, pete ya shaba, na chini yake herufi sita kwa kalamu nyeusi. Nilisaidia kubeba ngao za wengine mpaka jioni, na mama alikaa benchi akitazama pambano hadi mwisho, akiwashangilia watu kwa majina yao.

Tukiwa njiani kurudi nilisema, "Ulishajua ni ile ya shaba. Zote nyingine zilikuwa na ribiti. Lazima ulijua."

Alikuwa ameshika vile vikombe viwili mapajani. Alivizungusha mpaka tukapita kanisa.

"Kidole changu kiliniambia kimepita sawa," alisema. "Na wewe uliniambia umetia. Nikakuamini wewe."

Sikuweza kuendesha. Nilisimamisha gari kando ya shamba, nikalia huku nimeshika usukani, na mama akaniacha nilie. Nilipomaliza alinipa kitambaa na kusema viazi vya jana vipo, tutavikaanga.

Ni miaka tisa sasa. Mimi mwenyewe natengeneza darii, ni ya tatu hii, na ninatumia vikombe vyake. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hata kahawa anaomba kikombe kisijazwe. Kila Agosti watu wapya wanaingia ghalani kwa Sixten, wanasoma ukuta, na lazima mmoja aulize huyu Gunvor ni nani aliyeacha pete ya shaba wazi, wakati shaba inaonekana kirahisi hivi. Nami nawaeleza kuanzia mwanzo, kama nilivyokueleza wewe.

Mara tatu nimeomba jina lifutwe liandikwe langu. Mara tatu chama kimekubali kwa mikono yote juu. Mara tatu mama amekataa. Mara ya mwisho nilimpigia magoti kabisa, pale jikoni, nikamwambia siwezi tena kulitazama jina lake pale.

Alikuwa akimenya yai. Alilimenya taratibu kwa vile vidole vinavyocheza, akalikata katikati, akanisogezea nusu.

"Mimi silitazami," alisema. "Kula."